Kikohozi cha Orrin

Palipokuwa na studio ya filamu ya Halloran, California, leo wanauza magari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi liliichukua studio hiyo itengeneze filamu za kufundishia marubani, na Leota Brandvold akaajiriwa kukata na kuunga filamu. Kila baada ya kupiga picha, watu wote walisimama kimya nusu dakika ili mashine irekodi ukimya wa ukumbi, ambao Leota aliutumia kuziba mapengo ya sauti. Siku moja askari mpiga picha, Orrin Stubbs, akakohoa.

"Stubbs, hata kunyamaza kumekushinda?" fundi wa sauti akauliza.

"Jeshini nilifundishwa kupigana tu, bosi."

Walirudia. Kipande cha filamu ya sauti kilichoharibika Leota aliambiwa akitupe, lakini alikificha kwenye kopo la biskuti, kwa sababu Orrin alikuwa mchumba wake. Baadaye Orrin alipelekwa vitani Pasifiki, akafa huko. Katika studio iliyojaa kamera, hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mwaka 1999 Bi Pruitt wa makumbusho alifika kwa Leota na mashine ya kusikilizia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini na sita, Leota akamsikia Orrin.

"Tuachie, bibi," Bi Pruitt akasema. "Kikohozi tutakifuta, tubaki na ukimya wa studio. Haupatikani tena popote."

Leota alikirudisha kipande kwenye kopo la biskuti.

"Ukimya karekodini hapo uwanjani kwenye magari," alisema. "Jumapili huwa wamefunga."