Miche Mivivu ya Swedi

Swedi hakuwa mtu wa kuusamehe mche. Kila mwaka baridi ya Likasi, mji wa migodi wa Kongo, ilipoanza kulegea, alipita kati ya vyungu na mikebe yake nyuma ya nyumba, pale mtaa wa Kikula, mikono mgongoni kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Mche wa krizantemu uliokwisha kufunga matumba aliuacha. Uliokuwa bado na majani matupu aliung'oa, akaupiga kwenye goti ili udongo udondoke, kisha akautupa katika shimo la takataka. "Mvivu," alisema. Neno hilo moja lilikuwa hukumu na mazishi.

Mtaa ulimcheka. Mwislamu, mjukuu wa watu waliotoka Kasongo, anashinda juani akitunza maua ya makaburi ya Wakatoliki! Jean-Claude, dereva wa lori aliyepeleka wachimbaji Kambove, hakupita bila kumchokoza.

"Papa Swedi, bantu banachimba shaba, weye unachimba maua? Panda mu camion, twende!"

"Shaba itaisha," Swedi alijibu bila kuinua kichwa. "Wafu hawaishi."

Ua lile alilijua. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza bustani katika kitalu cha klabu ya wakubwa wa kampuni ya migodi. Krizantemu ina tabia yake: usiku ukiwa mrefu, huacha kukua na kuanza kufunga matumba. Na Likasi usiku ni mrefu wa kutosha karibu mwaka mzima. Ukiiacha hivihivi, inachanua ikiwa na kimo cha kiganja, maua mawili matatu dhaifu, kama msichana aliyeozwa kabla ya kukomaa. Wazungu wa kitalu walikuwa na dawa ya hilo. Walifunga safu za taa juu ya vyungu, wakaziwasha jua lilipozama, na mmea ukadhani mchana haujaisha. Ukaendelea kurefuka na kutanua matawi. Baridi ilipokwisha, mtu alibonyeza swichi, taa zikazimika, na ilipofika Toussaint, Siku ya Watakatifu Wote mwanzoni mwa Novemba, watu wanapopeleka maua makaburini, vyungu vilikuwa vimefunikwa na maua hata majani hayaonekani.

Kisha nchi ikaharibika. Wazungu waliondoka, mashine zikanyamaza, mshahara ukawa habari ya kusimuliwa, na nyaya za umeme za kitalu zikakatwa na watu wakaenda kuziuza. Swedi alirudi nyumbani na vyungu vya udongo alivyoruhusiwa kubeba badala ya haki zake. Hapo akagundua jambo lililomuuma kuliko njaa: ujuzi wake wote ulikuwa umetegemea swichi ya mtu mwingine.

Ndipo alipoamua kutafuta krizantemu mpya ya chungu, itakayoweza kuingoja Toussaint yenyewe, bila taa. Namna ya kuyafungisha maua ndoa alikuwa ameiona kitaluni. Unapunguza petali kwa mkasi, unachukua unga wa ua moja kwa njiti iliyofungwa pamba, unaupaka kwenye ua jingine, halafu unangoja mbegu nyembamba kama makapi. Miche itokayo kwenye mbegu haifanani, kama watoto wa mama mmoja wasivyofanana. Lakini ukimpata mmoja mwema, unakata vipandikizi vyake, na hivyo vyote vitakuwa yeye yule.

Alipanda mwaka wa kwanza, akapanda wa pili, akapanda wa tatu. Kila Toussaint ilimkuta hana kitu. Mwaka mmoja Adrienne, mjane aliyekuwa mnunuzi wake tangu siku za kitalu, alipita akielekea malaloni, yaani makaburini, ameshika tawi la bugenvilia lililokuwa likipukutika njiani.

"Papa, hata chungu kimoja?"

"Hakuna, mama."

Adrienne aliinama akaokota alichoweza kuokota, akaendelea na safari. Swedi alibaki akitazama barabara ilivyojaa petali.

Mwaka wa tisini na tano mkewe, Kadidja, alisema lake. Hakupiga kelele, alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Baba Yasmine, Toussaint hii ni ya mwisho. Likikosekana ua, vyungu vyote ni vya mboga, napanda lenga-lenga. Watoto hawatakula majina ya maua."

"Sawa," alisema Swedi. Na Swedi akisema sawa, ilikuwa imekwisha. Miche ya mwaka ule ikawa ndiyo bahati yake ya mwisho.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya maneno hayo ya Kadidja, Swedi alikuwa amefanya kosa ambalo mtu mnyoofu hulifanya upesi kuliko mwovu, kwa sababu ana hakika kwamba yuko upande wa haki. Jirani yake Fortunée, ambaye mtaa ulimwita Mama Glody, alifuga kuku. Alikuwa mtu wa kanisa la Kipentekoste, na kanisani kwao kupeleka maua kaburini kulihesabiwa ibada ya sanamu. Lakini alikuwa amegundua kwamba harufu ya majani ya krizantemu inafukuza utitiri, vile vidudu vinavyowanyonya kuku damu. Asubuhi moja, akimwaga majivu katika lile shimo walilotumia pamoja, aliokota miche michache iliyotupwa, akaipanda kando ya banda.

Swedi akaiona juu ya uzio. Alimkuta Fortunée kwenye robinet, bomba la mtaa, katikati ya wanawake waliopanga ndoo.

"Mama Glody, unaomba Mungu mchana kutwa, halafu unaiba miche ya watu?"

Fortunée aliweka ndoo chini. "Minye, mwizi? Si uliitupa mu shimo? Kintu ya mu shimo iko na mwenyewe?"

"Ni yangu hata ikiwa shimoni. Kesho watu watasema, tazameni krizantemu za Swedi, mbovu namna hii!"

"Basi weka shimo yako kufuli!"

Wanawake waliangua kicheko, na kicheko hicho kilimchoma Swedi kuliko jibu lenyewe. Aliondoka akilirudia neno mwizi kwa sauti, na neno likabaki nyuma yake pale bombani. Neno la namna hiyo haliombwi ushahidi. Wiki haikupita, akina mama wa kanisa wakamnyang'anya Fortunée ufunguo wa chumba cha ngoma na magitaa. Si kwamba waliamini, walisema, ila ni tahadhari tu. Swedi hakulijua hilo, na hakutaka kujua. Alipigilia bati kwenye uzio upande wa jirani, akawa hatazami tena huko.

Basi mwaka wa tisini na tano baridi ilipolegea, alikagua miche yake ya mwisho kwa ukali kuliko miaka yote. Mivivu aliing'oa. Iliyobaki ilimpa matumaini kwa majuma machache, kisha ikachanua mwezi wa tisa, mifupi na myembamba, kama ilivyochanua ile ya miaka ya nyuma. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ikailaza matopeni. Oktoba ilipokuwa ikienda kwisha, hapakuwa na kitu isipokuwa vijiti vya kahawia.

Kadidja alivimwaga vyungu kimoja kimoja, akavunja madonge ya udongo, akatawanya mbegu za lenga-lenga. Maji ya kumwagilia aliyaleta Swedi mwenyewe. Alikuwa amesema sawa.

Mboga ilipokwisha kuchomoza, Kadidja aliingia lupangoni, uani kwao, akiwa na bakuli la mayai. Wanawake wa pande mbili za uzio hawakuwahi kuacha kusemezana. Ule ugomvi ulikuwa wa Swedi. Mayai yalikuwa yamelazwa juu ya majani, na harufu ya majani yale ilimfikia Swedi kabla hajayaona. Akayainua mayai. Chini yake palikuwa na ua lililofunguka, pana kama mdomo wa kikombe, petali zimesongamana, rangi ya mawese.

"Hili limetoka wapi?"

"Kwa Mama Glody. Anatandika mu vioto vya kuku."

"Limefunguka leo?"

"Yapo mengi. Nenda ukaone mwenyewe. Mimi si mjumbe wenu."

Swedi alizunguka bati lake, akasimama mlangoni kwa jirani, akabisha hodi.

"Nani?"

"Swedi."

"Mwizi iko ndani," Fortunée akajibu. "Ingia, uhesabu kuku zako."

Aliingia. Kando ya banda kulikuwa na kichaka kifupi, cha duara kama beseni lililogeuzwa, kimejaa maua ya rangi ya mawese kutoka chini hadi juu. Kuku walikuwa wamedonoa ncha za matawi, kazi ambayo yeye huifanya kwa kucha ili mmea utanuke. Miche mingine aliyookota Fortunée ilikuwa imekufa; huu mmoja ndio uliobaki. Swedi alichuchumaa mbele yake, akagusa shina, akagusa jani, akasahau kwamba ametukanwa.

"Hufunguka kila wakati?" aliuliza.

"Hapana. Wakati ya baridi minaikata chini, minatandikia kuku. Njo inaota polepole, majani tu, majani tu. Mvua ikishaanza ndiyo inafungua. Mwaka jana vilevile, siku hizihizi za Toussaint. Kwani haukuona? Iko hapa tu, nyuma ya bati yako."

Swedi aligeuka, akalitazama bati. Mwaka jana. Ua lilikuwa limekwisha kufunguka mwaka mmoja uliopita, na kati yake na ua hilo palikuwa na bati alilolipigilia kwa mkono wake.

Na lilikuwepo jambo zito zaidi, naye alilielewa pale pale, akiwa amechuchumaa kwenye mavi ya kuku. Sheria yake ya kung'oa aliichukua kitaluni. Chini ya taa, mche mwema ni ule unaoitika upesi swichi ikizimwa. Lakini kwake hapakuwa na taa wala swichi, naye aliendelea kuhukumu kwa sheria ya taa. Ule uzito wa kuitika, aliouita uvivu, ndio kungoja kwenyewe alikokuwa akikutafuta. Miaka yote hiyo alikuwa akiking'oa anachokitaka na kukitupa shimoni, tena kwa bidii.

"Mama Glody, naomba vipandikizi."

"Unaomba nani? Mwizi?" Fortunée alimfukuza jogoo aliyekuwa akipanda kichaka. "Minye sina na haja na ua ya ku malalo. Lakini jina yangu uliichukua pale ku robinet, na haukuirudisha. Ku kanisa banafunga mlango minye nikiwa inje."

"Nisamehe, mama."

"Hapa ni kuku tu banasikia."

Wengi wetu tungeishia hapo. Tungeleta zawadi, tungeanza kusalimu asubuhi, tungeacha muda ufanye kazi ambayo ni yetu. Swedi alikuwa mkali, lakini ukali wake haukumwacha yeye nje. Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye bomba, mikono mitupu, akasimama mpaka wanawake wakaacha kuongea kwa kumshangaa.

"Mwaka jana nilisema hapa kwamba Mama Glody ni mwizi," alisema. "Nilisema uongo. Alichukua kitu nilichotupa. Na nilichotupa kilikuwa kizuri kuliko nilichobakiza. Ninyi mlionisikia siku ile, na leo mnisikie."

Maji yalimwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Kisha mmoja akasema, "Papa Swedi, na ile shimo, kufuli ulishanunua?"

Walicheka mpaka mwingine akashika mbavu. Swedi hakuondoka. Alisimama pale akakipokea kicheko chote, hadi kilipokwisha chenyewe, ndipo akageuka kwenda nyumbani.

Jua halijawa kali, Fortunée aligonga lile bati kwa mwiko. "Kuja na kisu! Lakini mama ya miche inabaki hapa. Kuku zangu hazitalala mu utitiri juu ya Toussaint yako. Na weye, usiite ile ua jina yangu. Sitaki Fortunée ya ku malalo."

"Sitaliita."

Alikata machipukizi yaliyotoka chini ya shina, yale yasiyo na tumba, akayaacha maua yote mahali pake. Alipofika nyumbani nayo, yamefungwa kwenye kitambaa kibichi, alisimama mbele ya vyungu. Vyote vilikuwa na lenga-lenga, changa, imeota sawasawa.

Kadidja alimwona anavyotazama. "Sing'oi mboga, Baba Yasmine. Lenga-lenga haikai sana. Ngoja."

Swedi aliviacha vyungu. Alitafuta beseni lenye ufa, akalijaza mchanga, akachomeka vipandikizi, akaviwekea gunia la kivuli. Toussaint ikafika, na watu wakapita kwenda malaloni na matawi yao. Waliomuuliza aliwajibu, "Mwaka ujao," na hilo ni neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote tangu taa zizimwe. Mchanga aliumwagilia asubuhi na jioni. Mizizi ilipotoka alijua kwa kuvuta kidogo tu, mche ukakataa kuja.

Siku Kadidja alipovuna mboga ya kwanza, alikisogeza chungu kuelekea kwa mumewe kwa mguu, udongo wake ukiwa bado umejaa mizizi ya lenga-lenga. Swedi akapiga magoti, akaanza kuichambua.