Mayai ya Manjano Hayaoshwi kwa Sabuni

La, si uchawi, na wala sikutia damu. Ni manjano, haya haya ya kutia mtuzini mwa samaki. Nawaambia kabla hamjaniuliza, maana kila nikipita ndiani naona mnavyonitazama, nyinyi vijana.

Siku yangu ya kwanza kuingia jikoni, Bi Mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ageuze nyumba ya babake, pale Mkomani, kuwa ya wageni. Wageni wa Pasaka wataka mayai ya rangi kwa watoto wao. Akanambia, mdomo ameukunja kama aliyelamba ndimu: "Esha, kuku wametaga. Wewe tia rangi." Rangi gani? Hakunena.

Mpishi mkuu, mzee wa Pate, alinena kwa pua: "Hnn, rangi unaitupa jaani kila siku." Kweli. Maganda ya vitunguu hutoa wekundu wa matofali. Manjano, tena, ukayatokose na siki kidogo ili ganda lishike. Nami nikaongeza langu: jani la mrehani hulilaza juu ya yai, nikalifunga kwa kitambaa cha leso kuukuu, nikachemsha. Ukifungua, jani limeacha alama yake nyeupe, mishipa yote waiona. Mwisho mafuta ya nazi, ling'ae. Nilianza hayo mwanangu wa kwanza akitambaa, hata naye akamwoza bintiye.

Mpishi akafa. Akaya meneja kutoka bara, na viatu vyake ndani ya nyumba ambayo sote twavua mlangoni.

"Mama, hapa ni usafi kwanza. Hizi mayai zimeguswa na mikono."

Mikono! Kwani n'chemshe kwa miguu?

Nikamwambia, "Bwana Meneja, osha utakavyo, lakini ya manjano usiyatie sabuni. Yatakuwa mekundu." Mwanamke yeyote aliyefua nguo yenye mtuzi ajua hilo.

"Wacha story, mama."

Akayasugua mwenyewe usiku, umeme umekatika, kwa sabuni ya kipande, akayapanga kikapuni yakiwa maji maji. Asubuhi ya Pasaka, mtoto wa mgeni akashika yai, kiganja chekundu, akapiga ukelele. Na meneja, mbele ya watu wote: "Huyu mama ametuwekea damu!"

Damu! Mimi!

Nikachukua manjano na sabuni, nikavisugua kiganjani mbele ya Bi Mkubwa. Vikageuka vyekundu hapo hapo. "Tazama, Bi Mkubwa. Mwambie."

Siku hizi nakaa nyumbani, kazi sina tena, kucha bado za manjano, na sizionei haya. Meneja haniumi, alikuwa hajui. Aniumaye ni Bi Mkubwa, aliyelelewa kwa mtuzi kama mimi. Alikitazama kiganja changu, kisha akatazama chini.

"Najua, Esha. Lakini yeye ana cheti."