Asilimia Nane za Mama Asilimia

Barua ilifika Jumanne, na kufikia Alhamisi asubuhi Mama Asilimia alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka ikaanza kuchanika. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, maana mwalimu huyu wa hisabati hawezi kukwambia chai imepoa. Atakwambia imepoa kwa asilimia arobaini. Sasa asilimia zenyewe zilikuwa zimemgeuka.

Miaka mitatu nyuma, shule yao ya sekondari ilipata ruzuku ya kuinua kiwango cha masomo. Fungu lake yeye lilikuwa darasa la asubuhi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa wakisoma kwa kukwamakwama walitakiwa kufika saa moja kamili, wasomeshwe saa nzima kabla ya kengele ya shule. Yeye ndiye aliyefundisha, na yeye ndiye aliyeandika daftarini kila mmoja kafika saa ngapi. Mkataba wake ulifungwa kwenye darasa hilo kama mbuzi kwenye kigingi: darasa likifutwa, naye kwaheri. Na wenye ruzuku walitaka kuona jambo moja tu, angalau asilimia sabini wanafika kwa wakati.

Barua ya watathmini wa ruzuku ilisema asilimia nane.

"Nane!" Mkuu wa shule alifoka, akiupunga ule ukurasa kama anafukuza nzi. "Hao ni watu wa kucheza karata, Mama Asilimia, siyo mahudhurio!"

"Mkuu, watoto wanakuja. Nawaona kwa macho yangu."

"Macho yako hayakuulizwa. Limeulizwa daftari."

Kilichomvuruga kabisa ni aya ya mwisho. Barua ilimpongeza mwanafunzi mmoja kwa kuwahi kuliko wenzake wote. Mwanafunzi mwenyewe Shuka. Shuka! Yule anayefika darasani na alama ya mto shavuni, aliyechelewa hata picha ya darasa, ikabidi apigwe ya peke yake.

"Labda umeandika kwa mwandiko wa daktari," alisema dada yake, fundi cherehani, jioni nyumbani, huku pini mbili zikiwa mdomoni.

"Nimeandika vizuri, dada."

"Basi tulia. Ule."

"Siwezi kula. Tumbo linaunguruma kama hiyo cherehani yako."

"Yangu ikiunguruma inatoa gauni. Lako linatoa nini?"

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka tena ile nane, kicheko kikamkauka.

Alhamisi mtathmini akaja, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linatisha. Akafungua kompyuta juu ya meza ya Mkuu. Mama Asilimia alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, sikufichi," kijana akasema. "Kipindi kinaanza saa moja asubuhi, kinaisha saa mbili. Wanafunzi wako karibu wote wanafika mchana."

"Mchana upi?"

"Huu hapa." Akamgeuzia kioo. Mbele ya kila jina kulikuwa na tarakimu zake mwenyewe: 12:40, 12:50, 12:35. Chini kabisa, Shuka, 1:25.

Mama Asilimia alizitazama. Akazisoma kwa sauti, kama anavyowasomesha watoto. "Kumi na mbili na dakika arobaini. Kumi na mbili na hamsini." Akagonga kioo kwa kidole. Kisha, "Mwanangu, hiyo kumi na mbili ni ya asubuhi! Jua ndiyo kwanza linachomoza!"

Kijana akakisogelea kioo. "Lo," akasema. "Daftari waliliingiza wenzetu wa makao makuu, ng'ambo. Wao kumi na mbili yao ni adhuhuri."

"Na Shuka?"

"Shuka wamemwona kafika saa saba za usiku." Akajikuna kichwa. "Wakaandika ana bidii ya ajabu."

Mkuu alicheka mpaka akashika meza. Kijana akarekebisha saa sita kila mstari, akabonyeza, kioo kikatoa sabini na saba.

"Mmepita!" Mkuu akapiga kofi. "Chapa hiyo, kijana, tukanywe chai."

Lakini Mama Asilimia hakuwa ameinuka. Macho yalimganda kwenye Jumatatu. Kila Jumatatu, mstari hadi mstari: 6:45, 6:45, 6:45, zile zile 12:45 alizoandika. Hata Shuka. Kijana hakuwa ameona. Angeweza kunyamaza, chai ilikuwa mlango wa pili tu.

"Hizo Jumatatu siyo za kweli," akasema.

Mkuu akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mkuu, unaniumiza. Jumatatu nampeleka mama kliniki kufungwa kidonda. Nafika saa moja na dakika ishirini. Nakuta wameshaanza, sijui nani kaja lini, basi nawaandikia wote sawa."

"Wameshaanza na nani?" kijana akauliza.

"Wenyewe. Kiranja ana ufunguo. Wanasomeana kwa zamu."

"Bila mwalimu?"

"Bila."

Kijana akatafuta kwenye fomu, juu, chini, juu tena. "Hilo halina pa kuandikwa," akasema, kama anaomba radhi. Kisha akazifuta Jumatatu zote, moja baada ya nyingine. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Mkuu akasoma dari. Mama Asilimia alijaribu kupiga hesabu kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani namba zikakataa kukaa.

"Sabini na moja," kijana akasema.

Hakuna aliyepiga kofi. Mkuu alishusha pumzi ndefu, akanong'ona, "Moja tu, mama. Moja!" Ndipo Mama Asilimia akainuka. Akatikisa kichwa, akavuta daftari jipya la muhula ujao na kuandika kwenye jalada, kwa herufi kubwa: SAA ZA HUMU NI ZA KISWAHILI.

Simu ikalia. Dada yake.

"Vipi? Unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi," akasema, kisha akashtuka. "Za jioni, dada. Kumi zetu."