Klachi ya Pikapu ya Marehemu

Wiki ile mume wangu alipokuwa mochari, nyumba yetu ya mtaa wa Umoja ilijaa mafundi. Mashemeji, wanakamati wa mazishi, wazee wa kanisa, hata jirani ambaye hajawahi kumiliki baiskeli, wote walijua klachi. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye godoro sebuleni, kitambaa kichwani. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona na kusikia kila kitu, na sikuulizwa lolote.

Marehemu alikuwa ameniambia akiwa hospitalini, na akamwambia kaka yake pia, kwamba apelekwe nyumbani magharibi kwa pikapu yake mwenyewe. Hakutaka kufungwa juu ya basi kama gunia la mahindi. Hilo ndilo jambo pekee aliloomba. Lakini pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, ya dizeli, na kabla ya kuugua alishaanza kulalamika kwamba klachi inateleza. Walipoiwasha, injini iliitika vizuri. Walipotia gia, gari halikusogea hata hatua.

Fundi akaitwa, akajilaza chini yake hapo mbele ya geti na kuteremsha giaboksi. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, akaenda mjini kwenye maduka ya spea. Ilikuwa miaka ya tisini, spea za Dubai zimejaa kila kaunta, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Alirudi na pleti mpya ya klachi, aina ya pikapu ile ile imeandikwa kwenye boksi. Haikuingia. Fundi aliigeuza, akaijaribu tena, kisha akatoka chini ya gari akipangusa mikono.

"Hii injini si ya hii gari," akasema. "Na giaboksi ni ya gari ingine kabisa. Nani alifunga hivi?"

Wote wakageuka kunitazama mimi kupitia ule mlango. Ndiyo mara ya kwanza wiki hiyo nilipoulizwa kitu, na sikukijua. Nilikumbuka tu Jumamosi alizokuwa akipotelea gereji, akirudi na mikono myeusi na furaha tele, akianza kunieleza alichokipata, nami nikimwambia anawe kwanza tule. Akishanawa, habari inakuwa imeisha.

Shemeji akarudi mjini, akaleta pleti mbili. Moja ilienea kwenye injini, lakini meno yake ya katikati yalikataa shafti ya giaboksi. Nyingine iliivaa shafti vizuri, ila ilikuwa ndogo mno kwa injini. Basi wakabishana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaniletea zote mbili kwenye godoro.

"Mama, angalia vizuri," fundi akaniambia kwa upole. "Mzee alikuwa ananunua gani?"

Nilizishika, moja kila mkono. Zilinuka upya. Nilitamani kuwarushia. Wanaume wazima, wamesimama wamekunja mikono, wanangoja mjane awachagulie klachi! Nikasema, "Hii kubwa," kwa sababu ilikuwa nzito, na kwa sababu nilitaka watoke.

Fundi akaamua kuzikata zote mbili, tumbo la ile ndogo, lenye meno, aliweke ndani ya ile kubwa, kisha azishikanishe kwa misumari ya ribiti.

"Itafika?" shemeji akamwuliza.

"Tumwombe Mungu, mzee."

Mchungaji akaweka mkono kwenye boneti na kuomba kwa muda mrefu.

Siku ya safari tulimchukua mochari, jeneza likafungwa nyuma ya pikapu kwa kamba. Shemeji akashika usukani, mimi nikakaa kando yake, na basi la waombolezaji likatufuata. Gari lilikwenda. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Tulipita mji wa Kikuyu, watu wa basi wanaimba kule nyuma, na mimi nilikuwa nikiwaza tu kwamba yuko kwenye gari lake.

Tulipoanza kupanda kuelekea Limuru, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Injini ikazidi kupiga kelele na gari likazidi kupunguza mwendo, mpaka likasimama kabisa. Watu wakashuka kwenye basi, wakasukuma, wakashindwa. Nyimbo zikakatika. Shemeji alikuwa bado anakanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, jasho linamtoka.

"Shemeji," akaniuliza, "ndugu yangu alikuwa anaifanyaje ikianza hivi?"

Nikageukia kioo cha nyuma nimwulize mwenyewe. Kweli kabisa, niligeuka nimwulize, na nilishafungua mdomo kumwita.

Nililia hapo, nilivyokuwa sijalia mochari wala nyumbani, kando ya barabara, ndani ya ule moshi wa klachi. Sikuweza hata kuwaambia wangoje kidogo. Nje walikuwa wameshaanza kufungua kamba za jeneza, na kijana mmoja alikuwa amepanda juu ya basi, amenyoosha mikono ampokee.