Droni ya Mianzi na Shamba la Mama

Mimi kutulia siwezi. Hata kibandani kwangu Tukuyu ninapotengeneza simu, mteja akichelewa kidogo tu nimeshaifungua redio yangu mwenyewe nione ndani kuna nini. Basi mama aliposema anataka kuliona shamba lake la viazi, nilijua usingizi umekwisha.

Mama anaishi Isongole, na shamba liko ng'ambo ya korongo, nyuma ya kilima. Nyonga zake zilishagoma, bodaboda nazo hazifiki. Kaka yangu aliye Mbeya ndiye msimamizi. Akipiga simu, viazi vimestawi. Lakini kanisani mama alikuwa akisikia vineno kuhusu shamba hilo.

Nikamwambia niende nikampigie picha. Akacheka. "Picha ya shamba la nani? Nyie mmenyonya ziwa moja, mtafichiana. Nataka nitoke hapa mlangoni mpaka kule, kwa macho yangu."

Haya. Nikaanza kuunda droni. Mikono ya mianzi, miguu ya soli ya kandambili, na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani nikaifungia ndani ya kopo la siagi. Programu ya kuirusha ni ya bure; watu nisiowajua wameiandika wakaiacha wazi, yeyote achukue, abadilishe. Nilibadilisha nikaharibu, nikabadilisha tena. Wateja wakaninunia, na mvua ya kwetu, jamani, haina adabu.

Mara ya kwanza ilipaa, ikazunguka kama pia, ikaangukia migombani. Nilitukana, Mungu anisamehe. Kumbe dira yake niliipimia juu ya lile jiwe jeusi mama anapoanikia maharage. Mawe yetu haya ya volkano yana chuma, yakaipotosha. Nikahamia kwenye nyasi, nikaipima upya.

Asubuhi moja mvua ikatuachia. Nikairusha. Mama kakaa mlangoni, simu mapajani, anatazama kila kinachoonwa na kamera ya droni. "Migomba ya jirani hiyo! Korongo hilo! Wee, polepole!" Alicheka kama msichana. Mimi naangalia betri inashuka, ukungu nao unateremka.

Tukavuka kilima. Viazi hakuna. Palikuwa na nyumba ya bati jipya, na mwanamke tusiyemjua akianika nguo. Akatazama juu, akatupungia mkono.

Kaka alikuwa ameliuza shamba.

Hasira zikanipanda. Nikairudisha droni vibaya vibaya, nikainyakua simu nimpigie. Mama akanishika mkono.

"Acha. Ukimgombeza hatapiga tena. Shamba limeshakwenda. Unataka na mwanangu naye aende?"

Sikumpigia. Hadi leo kaka akipiga, mama humuuliza viazi vinaendeleaje, naye humjibu, tena kwa kirefu. Mama husema, "Ndaga, mwanangu, asante." Mimi natoka nje.