Isihaka na Kanga ya Mkwe

Sasa naweza kucheka, maana yameisha salama. Lakini Jumamosi ile pale Mazinde, ningemfikia ndugu yangu Isihaka ningemchapa makofi, na ndevu zake hizo.

Isihaka ni mdogo wangu. Anauza maji Handeni, madumu sita kwenye baiskeli, kilima kwa kilima, tangu akiwa na miaka kumi na saba. Miguu imemkakamaa kama mpini wa jembe. Mwaka juzi mtu akamwambia miguu hiyo ni ya mashindano, basi tangu hapo hashikiki. Alfajiri yuko barabarani anakimbia, na shamba lake la mahindi likawa la ngedere. Mkewe Hafsa akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Ya tatu hakusema. Alifunga nguo zake akarudi kwa mama yake, Mazinde. Miezi miwili ikapita, ndipo wazee wakapanga kikao cha suluhu, siku ya Jumatatu.

Na Jumamosi ya kabla ya Jumatatu hiyo, bwana mkubwa kajiandikisha mashindano. Tena wapi? Hukohuko ukweni.

"Isihaka, wewe una akili timamu kweli?" nikamwuliza.

"Dada, nimejiandaa mwaka mzima. Nikiacha sasa, nitakuwa nimemkosa Hafsa bure."

Nikaenda naye kumlindia baiskeli.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi: unakimbia kilomita kumi na mbili ndani ya mashamba ya mkonge, unarudi pale baiskeli zilipo, unachukua yako kwa mkono wako, unaendesha mpaka Korogwe mjini. Vijana wa mjini waliicheka baiskeli yetu kwa uzito na keria lake. Nikawaambia wacheke na zao, zimekonda kama zina njaa.

Mara wakaja akina mama wa kijiji kugawa maji. Meza wakaiweka wapi? Ubavuni mwa baiskeli yetu. Aliyeshika jagi alikuwa Bi Mwanaidi, mkwe wa Isihaka, na nyuma yake Hafsa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama ile baiskeli, akaijua.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mkikutana njiani unamwachia njia, unapita porini, naye anageuza uso. Sasa Isihaka huyo anakuja, wa kumi na moja kati ya watu sitini, jasho linamtiririka, amevaa bukta ya kuazima iliyombana mpaka aibu naiona mimi. Akamwona mkwe. Akanitazama mimi. Kisha akachupa ndani ya mkonge, akapotea.

Watu wakaanza kutupita. Wakapita vijana, wakapita wazee, akapita mpaka mwalimu mmoja mwenye kitambi.

"Isihaka, toka," nikaita.

"Siwezi, dada. Niletee baiskeli."

Nitaileta vipi, na msimamizi amesimama pale na filimbi yake? Moyo ulinienda mbio kuliko wale wakimbiaji. Nilijua Jumatatu watasema mwanamume huyu alikuja uchi ukweni. Ndoa ya mdogo wangu niliiona inakufa mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika usukani wa baiskeli.

Bi Mwanaidi akaweka jagi chini. Akageuza mgongo, akavua kanga aliyojitanda mabegani, akampa binti yake.

"Mpelekee ajifunge. Mwenye dharau angepita hapahapa. Huyu ameingia kwenye miba kwa ajili yangu."

Hafsa akaenda. Walikaa humo kitambo, na walichoongea sijui mpaka leo. Isihaka akatoka kajifunga kanga, miguu imechanika, kainamisha kichwa. Akapita nyuma ya mkwe wake kwa adabu zote, akapanda baiskeli. Hafsa akatoka baadaye, kaziba mdomo kwa mkono anacheka.

Korogwe nilifika kabla yake, kwa bodaboda. Alimaliza wa tatu kutoka mwisho, kanga inapepea. Hakuniuliza hata amekuwa wa ngapi.

"Dada, hii kanga nitairudishaje? Siwezi kumpa mkwe mkononi."

Nikamfikishia ujumbe niliopewa na Bi Mwanaidi wakati naondoka: "Kikao hakina haja tena. Kanga yangu ataileta Hafsa mwenyewe, siku atakapokuja kunitembelea akitokea kwake Handeni."

Isihaka akakaa chini palepale vumbini, akafunika uso kwa ile kanga, akalia. Nami nikalia, sikuona haya. Watu walidhani tunalilia ushindi.

Baadaye akajifuta, akanywa maji chupa nzima, akaniuliza, "Dada, hivi ngedere huwa wanaingia shambani saa ngapi?"

"Alfajiri," nikamwambia. "Saa zako zilezile za kukimbia."