Vifuniko vya Magurudumu ya Mbele

Aliyenifanyia hivi ni shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, akisaidiwa na fundi mmoja wa mji wa Sultan Hamud. Nawataja mapema ili mtu asiseme ni mto.

Pikapu yangu ilikuwa ya zamani. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, unashuka, unageuza kwa mkono vile vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele, ndipo unarudi ndani kuingiza gia ya fowili. Vifuniko vyangu vilikuwa vigumu. Nilivigeuza kwa koleo, nikitukana.

Shemeji aliniomba pikapu akabebe mabati ya kanisa kutoka Sultan Hamud. Nani atanyima kanisa? Akairudisha imeoshwa mpaka chini. Nikamshukuru. Mimi, nikamshukuru!

Siku ya soko tukapakia mbuzi, mimi na mke wangu, twende sokoni Kabati. Mto wetu ni mchanga mtupu, maji huja tu ikinyesha huko juu. Katikati ya mchanga tukazama. Nikashuka, nikageuza vifuniko. Viligeuka laini kama vya chupa.

"Ndugu yako ni mtu," nikamwambia mke wangu. "Ameweka grisi."

Nikaingiza fowili, taa yake ikawaka. Magurudumu ya nyuma yakachimba tu. Mke wangu akachungulia dirishani. "Ya mbele yamelala!"

Nikatoa gia, nikairudisha. Bure. Nikamwambia akanyage mafuta, mimi nikalala kando nikiangalia chini. Propela ya mbele, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, ilikuwa inazunguka vizuri. Magurudumu, hapana. Basi shida ilikuwa kwenye vifuniko. Nilikuwa bado nimelala hapo tuliposikia maji.

Tulitoka, mimi na mguu huu usiokunjika tena. Mbuzi walikuwa wamefungwa kamba.

Maji yalipoisha tukaichimba pikapu. Nikafungua vifuniko mwenyewe. Meno ya ndani, yale yanayoshika gurudumu, hayakuwepo. Nikaenda mpaka kwa yule fundi, na hakuona hata haya: aliambiwa ayahamishie kwenye pikapu ya shemeji, ambayo meno yake yalikuwa yameisha. Kwangu akarudisha vifuniko vitupu.

Nikamkuta shemeji kwake akinywa chai.

"Ai, shem," akasema, "si uko hai?"

Mke wangu, aliyekunywa maji yale yale ya mto, akaniambia niachane na mambo ya vyuma, huyo ni damu yake. Jumapili damu yake ikasimama chini ya yale mabati mapya kumshukuru Mungu kwa kumwokoa dada. Watu wakapiga makofi. Mke wangu pia.

Nilikuwa na kifuniko kimoja kwenye mfuko wa koti. Nikachechemea mpaka mbele, nikakiweka juu ya mimbari, upande wa ndani ukiangalia watu, nikatoka.

Nilimngoja mke wangu nje. Ibada ilipoisha akatoka na ndugu yake, wakanipita, wakapanda pikapu ya shemeji. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope tupu. Ilipanda mlima wa hapo kanisani bila kuteleza.